Je, Wajua Kila Kinachoungua Kina Harufu Yake?

Katika milima ya Ileje, mkoani Songwe, mvua huanza Novemba na mara nyingi haikatiki kabla ya Aprili au Mei. Nguo iliyofuliwa asubuhi katika kata ya Ikinga inaweza kushinda kambani na jioni ikaanuliwa bado mbichi. Basi nguo huhamia ndani. Huwekwa kwenye kiti karibu na jiko la mkaa, hutundikwa juu ya mafiga, hupigwa pasi ikiwa na unyevu. Kwa wachache, hasa madobi na wenye nyumba za wageni mijini, huingizwa kwenye mashine ya kukaushia ambayo wengi huiita draya. Njia zote hizo hukutanisha joto na kitambaa kwa muda mrefu, na siku yoyote pua inaweza kukuambia kuna kitu kinaungua. Swali la kwanza huwa ni kitu gani, na jibu mara nyingi limo ndani ya harufu yenyewe.

Je, wajua kwamba pamba na polyesta hazinuki sawa zikiungua?

Muuza vitenge mzoefu wa Tunduma hahitaji maabara kujua kama alichonacho ni pamba tupu. Huchomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kwa kiberiti, akanusa. Pamba ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga mti na karatasi, kwa hiyo hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika kati ya vidole. Polyesta huyeyuka kwanza, kwenye joto la takribani nyuzi 255 hadi 260 za Selsiasi, ikatoa moshi mweusi wenye harufu tamutamu ya kemikali, na ikipoa hubaki kidonge kigumu cheusi. Sufu na hariri ni protini, kama zilivyo nywele, ndiyo maana sweta la sufu likigusa jiko nyumba nzima hunuka nywele zilizoungua.

Ujuzi huu wa sokoni ndio huohuo unaohitajika mbele ya draya. Harufu ya karatasi au majani makavu yanayoungua ina maana kwamba nyuzinyuzi za pamba zimefika mahali pa moto. Harufu ya plastiki iliyoyeyuka huelekeza kwenye kitufe, zipu ya naylon, kalamu iliyosahauliwa mfukoni, au sehemu ya mashine yenyewe. Ukisikia harufu ya mpira, mtuhumiwa wa kwanza ni mkanda unaozungusha pipa. Na ikiwa mashine haijatumika kwa miezi, harufu ya vumbi linaloungua kwenye koili ya joto katika dakika chache za mwanzo ni jambo la kawaida. Isipokoma baada ya hapo, kuna tatizo.

Vidoti vilivyo kwenye lebo ya nguo na kwenye pasi vinasema habari hiyohiyo mapema. Kidoti kimoja ni joto lisilozidi nyuzi 110, viwili ni 150, vitatu ni 200. Mitumba mingi hufika na lebo zake zikiwa bado zimeshonwa shingoni au ubavuni. Isome kabla hujaikata.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa draya ni nguo zenyewe?

Kila nguo inapozungushwa ndani ya pipa hupoteza nyuzi ndogo sana. Chujio lililo karibu na mlango hukamata nyingi, lakini nyingine hupita, zikajikusanya kwenye bomba la kutolea hewa na chini ya mashine, karibu na koili ya joto. Nyuzinyuzi hizo ni kavu na nyepesi, tena zimejaa hewa katikati yake. Cheche ndogo hutosha. Takwimu za Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani za miaka ya 2008 hadi 2010 zilionyesha takribani matukio 2,900 ya moto wa draya majumbani kila mwaka, yakiua watu 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha, iliyotajwa katika asilimia 34 ya matukio.

Kuna kisa kikubwa zaidi ambacho Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza hawana budi kukijua. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba draya zake zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015, zikiwemo za majina ya Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na kasoro: nyuzinyuzi zilizozidi ziliweza kugusa koili ya joto. Mashine hizo zilikuwa zaidi ya milioni 5. Wateja waliambiwa wangoje fundi, na wakati huohuo waendelee kuzitumia mradi wasiziache peke yake. Agosti 2016 draya ya Indesit iliwasha moto katika ghorofa la Shepherd's Court, eneo la Shepherd's Bush, London, jengo la ghorofa 18. Hakuna aliyekufa, lakini familia kadhaa zilipoteza makazi. Ushauri ulibadilishwa miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2017: chomoa, usitumie. Mwaka 2019 ndipo serikali ya Uingereza ilipoilazimisha kampuni kuanza kuzirudisha mashine zilizokuwa bado majumbani, na ikatajwa kwamba matukio ya moto yalikuwa yamefika angalau 750 katika miaka 11.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Vifaa vya umeme vilivyotumika Ulaya na Ghuba huingia Afrika Mashariki kwa makontena, na mashine iliyotengenezwa 2012 inaweza kabisa kuuzwa leo ikiwa imepigwa rangi na kung'arishwa. Tazama jina la kampuni, namba ya modeli na mwaka kwenye bamba lililo ndani ya mlango au nyuma, kisha uliza kuhusu modeli hiyo kabla ya kutoa hela.

Je, wajua kwamba soketi inayoungua inaweza kunuka samaki?

Hii ndiyo harufu inayowachanganya watu kuliko zote. Mama anatafuta dagaa aliyedondoka nyuma ya kabati, baba anakagua pipa la taka, na wakati wote huo chanzo kiko ukutani. Soketi, swichi na plagi nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu zenye naitrojeni, kama yurea-fomaldehaidi na melamini. Zikipata joto kupita kiasi hutoa gesi za jamii ya amini, na amini ndizo zinazompa samaki harufu yake. Ukisikia shombo la samaki mahali ambapo hapajawahi kufika samaki, tafuta umeme.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Umeme wetu ni volti 230. Draya ya wati 2,500 huvuta karibu ampea 11. Ikiwa skrubu imelegea ndani ya soketi na kufanya mahali hapo pazuie umeme kwa omu 1 tu, joto linalozaliwa hapo ni 11 mara 11, yaani wati 121. Hilo ni joto la balbu mbili za zamani za wati 60, limefungiwa ndani ya plastiki isiyo na pa kupumulia. Fyuzi haiwezi kuliona, kwa sababu umeme uliopita haujazidi ampea 13. Breka pia haitaruka. Kinachoweza kuligundua ni pua yako na kiganja chako: plagi inayotoka ukutani ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, au yenye pini iliyobadilika rangi, imeshasema yote.

Ekstensheni ni hatari ya pekee. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 umekusudiwa ampea 6, nao unalazimishwa kubeba 11. Ukiwa umekunjwa kwenye kigurudumu chake hupata joto zaidi, maana kila duara hulipasha lenzake. Ganda la kawaida la PVC limekusudiwa kuvumilia nyuzi 70. Likizidi sana hapo hulainika, na likianza kuungua hutoa harufu kali inayochoma macho na koo. Pasi kubwa, birika la umeme, heta na draya havipaswi kupita kwenye ekstensheni.

Je, wajua kwamba umeme mdogo nao huunguza?

Wengi hudhani umeme ukipungua mashine hupumzika. Kwa koili ya joto ni kweli: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu yake hupungua hadi asilimia 61 hivi. Nguo hazikauki, mtu anaongeza muda, anaongeza tena. Lakini mota hali yake ni kinyume. Pipa limejaa nguo zilizolowa na bado linatakiwa lizunguke, kwa hiyo mota huvuta umeme mwingi zaidi ili isizidiwe, na nyaya zake za ndani hupata joto. Kila uzi wa shaba ndani ya mota umepakwa vanishi ya kuutenganisha na mwenzake. Vanishi ikianza kuungua hutoa harufu nzito, kali, inayofanana na rangi iliyochomwa, ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuisahau. Mota iliyofika hapo inahitaji kurudiwa nyaya au kubadilishwa. Katika vijiji vilivyo mwisho wa laini, ambako taa hufifia jioni kila mtu anapopika, hili ni jambo la kuangalia pia kwa mashine za kusaga na friji.

Je, wajua kwamba draya ya Marekani inaweza kuharibika dakika unapoiwasha Tanzania?

Ndugu walioko ughaibuni hutuma vitu kwa upendo, na kontena kutoka Marekani linaweza kuwa na draya kubwa kuliko jokofu. Juu yake kumeandikwa volti 240, na mtu anaona zinakaribiana na zetu. Tatizo limejificha ndani. Nyumba za Marekani hupokea nyaya mbili za moto zenye volti 120 kila moja. Koili ya joto hutumia zote mbili kwa pamoja, yaani 240, ila mota na vidhibiti vya draya nyingi za huko hutumia 120 tu. Fundi akiiunga kwenye umeme wetu pasipo kujua, mota inaweza kupewa volti 230. Zaidi ya hapo, umeme wa huko una mizunguko 60 kwa sekunde na wetu 50. Hata mota ikinusurika, itazunguka kwa takribani asilimia 83 ya kasi yake, feni itavuta hewa kidogo, na joto litabaki ndani ya mashine badala ya kutoka nje.

Mashine za Uingereza na Oman hazina tatizo hilo, kwani mizunguko yake ni 50, volti zinalingana, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania na Malawi.

Je, wajua cha kufanya kabla ya kuanza kutafuta?

Zima. Hilo linatangulia udadisi wote. Ikiwa plagi ni baridi, zima swichi ya ukutani kisha ichomoe. Ikiwa plagi ni ya moto, imeyeyuka au inatoa moshi, usiiguse. Nenda kwenye breka au meni swichi ukate umeme wa nyumba nzima. Ukiona moshi ndani ya draya usifungue mlango, maana utaupa moto hewa unayoitamani. Usimwage maji kwenye kifaa ambacho bado kina umeme. Moto ukishika, toa watu nje na piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila kungoja kuona kama utajizima.

Ikiwa hakuna moshi na kila kitu kimepoa, sasa fuata pua. Nusa mlangoni, nusa nyuma, nusa soketi. Toa chujio ulisafishe kwa mkono, angalia kama bomba la hewa limebanwa na ukuta. Fundi makini hufanya jaribio moja zuri sana: huiwasha mashine ikiwa tupu, kwa hewa baridi, bila koili. Harufu ikija hata hivyo, kosa liko kwenye mkanda, rola au mota, na mara nyingi mlio wa kukwaruza huifuata. Harufu ikija tu koili inapowashwa, kosa liko kwenye nyuzinyuzi, koili au kidhibiti joto.

Hapa kuna jambo ninaloomba kila mwenye mashine alikatae kwa nguvu zote. Draya ina fyuzi ya joto, kifaa kidogo kinachokatika mashine ikipata joto kupita kiasi. Baadhi ya mafundi, wakikosa spea, huiruka na kuunga waya moja kwa moja. Mashine itafanya kazi, na mteja ataondoka akifurahi, lakini kinga ya mwisho kati ya koili na nguo za watoto wake imeondolewa. Fyuzi iliyokatika ilikatika kwa sababu, na sababu hiyo bado imo ndani.

Je, wajua kwamba watu walikausha nguo kwa moto muda mrefu kabla ya umeme?

Takribani mwaka 1800, Mfaransa aliyeitwa Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, lililozungushwa kwa mkono juu ya moto. Nguo zilikauka, ila zilinuka moshi na nyingine ziliungua. Tarehe 7 Juni 1892, George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, alipewa hataza namba 476,416 kwa fremu ya kutundikia nguo karibu na jiko bila kuzifikisha kwenye moto. Ukiitazama kamba iliyofungwa juu ya mafiga wakati wa masika, wazo ni lilelile.

Je, wajua kwamba taulo yenye mafuta ya alizeti inaweza kujiwasha?

Songwe hulima alizeti, na mafuta yake hupakwa, hupikiwa, na hufutwa kwa vitambaa. Mafuta ya aina hii hupenda kuungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto. Kitambaa kikiwa kimetandazwa, joto hutoroka. Kikiwa kimekunjwa ndani ya rundo la taulo zilizotoka kwenye draya zikiwa za moto, joto hukosa njia, hujiongeza, na baada ya saa kadhaa rundo huanza kunuka mafuta yaliyochacha na kuungua. Wakemia hupima tabia hiyo kwa namba ya iodini: mafuta ya kitani hufika 170 hadi 200, alizeti karibu 130, mawese karibu 50, na nazi karibu 10 tu. Kwa hiyo kitambaa cha jikoni cha Pwani chenye mafuta ya nazi kina hatari ndogo kuliko cha Mbozi chenye alizeti. Fua vitambaa vya mafuta kwa sabuni na maji ya moto, vikaushe juani, na ukitumia draya viache vipoe vikiwa vimetandazwa. Nguo iliyomwagikiwa petroli au rangi ya mafuta isiingie humo kabisa.

Makaa ya mawe yana tabia hiyohiyo, na Ileje inayo. Mgodi wa Kiwira, pamoja na kilima cha Kabulo, unaosimamiwa na shirika la umma la STAMICO, huchimba makaa ambayo husafirishwa kwa malori. Lundo la makaa lililokaa muda mrefu huvuta oksijeni, hupata joto ndani kwa ndani, na linaweza kuwaka pasipo mtu kuleta kiberiti. Duniani kote wahifadhi wa makaa hupunguza hatari hiyo kwa kuyashindilia ili hewa isipite, na kuyauza kwa zamu, ya zamani yatangulie.

Je, wajua kwamba gesi hatari kuliko zote jikoni haina harufu?

Jiko la mkaa likishawaka vizuri huacha kutoa moshi, na hapo ndipo watu huliingiza chumbani kukaushia nguo na kuota moto wakati wa baridi ya Juni na Julai. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, mtu anadhani ni usingizi. Jiko la mkaa lilale nje, hata kama nguo hazijakauka.

Je, wajua kwamba pua hulala?

Mwaka 2004 watafiti Mary Carskadon na Rachel Herz wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwapulizia waliolala harufu ya mnanaa na ya pairidini, kemikali inayonuka vibaya. Katika usingizi mzito hawakuamka. Sauti iliwaamsha. Hata ukiwa macho, pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, na anayetoka nje akarudi ndiye huisikia tena. Kwa hiyo kuwasha draya usiku kisha kulala, au kuacha suruali ya shule juu ya kiti karibu na jiko hadi alfajiri, ni kumtegemea mlinzi asiyekuwepo kazini. Kengele ya moshi inayotumia betri hupiga kelele, na kelele ndiyo inayomwamsha mtu. Ifungwe darini karibu na vyumba vya kulala, na ijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake kila mwezi.